Yahwe, Leza na Vidye: imani ya Mungu mmoja ilitoka wapi?

El Shaddai ni jina ambalo macho ya mtu wa Lubumbashi hayalikosi. Liko kwenye vibao vya makanisa ya uamsho, juu ya milango ya saluni, kwenye vioo vya mabasi. Lakini ndani ya Biblia yenyewe jina hilo linafungua swali gumu. Katika Kutoka 6:3 Mungu anamweleza Musa kwamba Ibrahimu, Isaka na Yakobo walimjua kama El Shaddai, na kwamba jina lake la Yahwe, lile ambalo Biblia zetu nyingi huliandika BWANA kwa herufi kubwa, hawakujulishwa. Ukirudi Mwanzo 4:26 unakuta watu walikwisha kuanza kuliitia jina hilohilo kabla hata ya gharika. Ni kumbukumbu mbili tofauti, na waandishi wa kale waliziacha zikae pamoja.

Mjini kwetu swali la asili ya imani hii limegeuka ugomvi wa pande tatu. Wahubiri wengi husema Israeli ilipokea imani ya Mungu mmoja ikiwa kamili pale Sinai, na kwamba bankambo wetu, yaani mababu, walikuwa gizani mpaka wamisionari walipofika. Watetezi wa mila hujibu kwamba Baluba, Babemba na Basanga walimjua Mungu mmoja, Leza au Vidye Mukulu, kabla mzungu yeyote hajafika Bunkeya kwa mfalme Msiri. Na wako wanaodai kwamba Baluba wenyewe ni Waisraeli waliopotea njiani.

Dai hilo la mwisho halihitaji maneno mengi. Makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1957, yanaonyesha watu waliofua chuma, wakafinyanga vyungu na kuzika wafu wao kwa heshima katika bonde la Upemba kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mizizi ya Baluba iko hapo, haina haja ya kuazimwa Yerusalemu. Madai mawili ya kwanza ndiyo mazito. Kwa nguvu ya lile la kwanza vitu vya wazee vimechomwa moto mbele ya waumini, na kwa nguvu ya lile la pili dini ya wazee imepakwa rangi mpaka wao wenyewe wasingeitambua.

Mambo matatu katika chungu kimoja

Mkanganyiko unatokana na kupika pamoja mambo matatu yasiyofanana. Kuna kusema kwamba Mungu fulani ni mkuu kuliko wote. Kuna kuapa kwamba huyo peke yake ndiye tutakayemwabudu, hata kama wengine wapo. Na kuna kukana kabisa kwamba wengine wapo. La kwanza limeenea sehemu nyingi za dunia. La pili ni adimu. La tatu ndilo imani ya Mungu mmoja kwa maana yake kamili. Amri ya kwanza kati ya zile kumi, ukiisoma taratibu, ni ya namna ya pili: inamkataza Mwisraeli kuwa na miungu mingine mbele ya Yahwe. Haisemi kwamba miungu hiyo haipo, na kwa kweli isingekuwa na haja ya kukataza kitu kisichomvutia mtu yeyote.

Tukiyatenga hayo matatu, ushahidi unaanza kuongea.

Majina mawili, Mungu mmoja

Jina Israeli lenyewe lina El ndani yake, si Yahwe. Limeandikwa kwenye jiwe la ushindi la farao Merneptah, lililochongwa karibu mwaka 1208 KK na kufukuliwa mwaka 1896. El alikuwa nani? Jibu lilipatikana Ras Shamra, pwani ya Syria, ambako uchimbaji ulioanza mwaka 1929 ulitoa mabamba ya udongo ya mji wa kale wa Ugarit. Humo El ni mzee mwenye ndevu, baba wa miungu, mkuu wa baraza la mbinguni. Mkewe ni Athirati, ambaye katika Kiebrania anaitwa Ashera. Kijana mwenye nguvu, mpanda mawingu, ni Baali.

Yahwe hayumo katika baraza la Ugarit. Mashairi ya kale zaidi ya Biblia, kama yale ya Waamuzi 5 na Habakuki 3, yanamleta kutoka kusini: Seiri, Temani, Parani. Orodha za Wamisri katika hekalu la Soleb, nchini Sudan, za karne ya 14 KK, zinataja nchi ya wafugaji wanaohamahama yenye jina linalofanana na Yahwe. Na Musa, kwa simulizi la Kutoka, alikutana na Mungu huyo alipokuwa akichunga mifugo ya mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani. Kwa hiyo wataalamu wengi leo, Thomas Römer wa Collège de France miongoni mwao, wanakubali kwamba Yahwe aliingia Kanaani kutoka jangwani, na kwamba huko jina lake na jina la El yalikuja kuwa ya Mungu mmoja.

Alama ya kuungana huko imebaki katika Kumbukumbu la Torati 32:8. Maandishi ya Kiebrania yaliyopokewa na marabi yanasema Aliye Juu aliyagawa mataifa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Kipande cha gombo kilichopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kinataja badala yake wana wa Mungu, na mstari wa 9 unaongeza kwamba fungu la Yahwe ni Yakobo. Katika usomaji huo wa kale kila taifa lina mlinzi wake wa mbinguni, na Israeli imepewa Yahwe. Mfalme Mesha wa Moabu aliiona dunia vilevile. Jiwe lake la karibu mwaka 840 KK linaeleza kwamba Israeli iliikandamiza Moabu kwa sababu mungu Kemoshi aliikasirikia nchi yake mwenyewe. Baadaye Mesha akashinda, akatwaa vyombo vya Yahwe kutoka Nebo na kuvikokota mbele ya Kemoshi.

Msimamo wa kwanza: ilikuwa hivyo tangu Musa

Mtetezi mkubwa wa msimamo huu katika karne ya 20 alikuwa Yehezkel Kaufmann, aliyeandika kwa Kiebrania historia ndefu ya imani ya Israeli kuanzia mwaka 1937. Hoja yake ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Biblia haina hadithi za Yahwe kuzaliwa, kuoa au kufa kama miungu ya majirani. Majina ya watu yaliyopatikana kwenye mihuri na vigae vya Yuda, kwa wingi mkubwa, yamebeba Yahwe na si mungu mwingine. Kama Wayuda wangekuwa na miungu kumi ya kugawia watoto wao majina, tungeiona.

Udhaifu wake ni kwamba majina yanatuambia nani alikuwa mungu wa taifa, hayatuambii kama wengine walikanwa. Na hata majina yenyewe yana kovu. Mwana wa Sauli anaitwa Eshbaali katika Mambo ya Nyakati, lakini katika Samweli wa Pili amegeuzwa Ishboshethi, yaani mtu wa aibu. Kuna mkono ulioona haya baadaye kwa jina ambalo mfalme wa kwanza wa Israeli alimpa mwanawe bila haya.

Wengine wamemtafuta Mungu wa Musa kwa farao Akhenaten, aliyefunga mahekalu ya Misri katika karne ya 14 KK ili jua peke yake liabudiwe. Sigmund Freud alilipamba wazo hilo mwaka 1939. Halishiki. Dini ya Akhenaten ilifutwa mara baada ya kifo chake, na pengo la karne nyingi kati yake na maandiko ya Israeli halina daraja.

Msimamo wa pili: chama cha Yahwe peke yake

Mwaka 1971 mwanahistoria Morton Smith alipendekeza kwamba ndani ya Israeli kulikuwa na kundi dogo lililopigania Yahwe aabudiwe peke yake, huku watu wengi na wafalme wengi wakimwabudu pamoja na wengine. Eliya akipambana na manabii wa Baali chini ya Ahabu na Yezebeli, Hosea akiwashutumu watu wa kaskazini katika karne ya 8 KK, wote walikuwa sauti za kundi hilo. Baada ya Ashuru kuangusha Samaria mwaka 722 KK, wakimbizi wakaubeba msimamo wa kundi hilo hadi Yerusalemu.

Udongo umempa Smith nguvu. Mwaka 1975 na 1976, huko Kuntillet Ajrud katika jangwa la Sinai, kilichimbuliwa kituo cha wasafiri cha karibu mwaka 800 KK. Kwenye mitungi mikubwa ya kuhifadhia chakula mtu aliandika baraka kwa jina la Yahwe wa Samaria na Ashera wake. Mwingine akabariki kwa Yahwe wa Temani na Ashera wake. Wako wanaosema Ashera hapa ni nguzo ya mti tu, kwa kuwa Kiebrania hakina desturi ya kutia kimilikishi kwenye jina la mtu. Hoja hiyo ya sarufi ni nzuri, ila nguzo iliyobeba jina la mungu mke haiwezi kuwa ubao mtupu.

Mitungi hiyo inafichua jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi: Yahwe mwenyewe alikuwa zaidi ya mmoja, wa Samaria na wa Temani, kila mahali na wake. Ungamo la Kumbukumbu la Torati 6:4, ambalo Myahudi hulitamka asubuhi na jioni, na ambalo Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walilitamka pia katika sinagogi ya Lubumbashi iliyojengwa mwaka 1930, linasema Yahwe ni mmoja. Sisi tunasikia humo hesabu ya miungu. Msikilizaji wa kwanza huenda alisikia kwamba Yahwe hana matawi, hivyo hekalu lake nalo ni moja.

Hilo ndilo mfalme Yosia alilotekeleza mwaka 622 KK. Wafalme wa Pili 23 inaeleza alivyoitoa sanamu ya Ashera ndani ya hekalu la Yahwe, akaichoma kwenye kijito cha Kidroni na kuisaga ikawa mavumbi, akabomoa vyumba ambamo wanawake walimfumia Ashera vitambaa. Wafumaji walikuwa ndani ya hekalu, si kichakani.

Kwa nini wakati huo? Wengi wanaelekeza macho Ashuru. Mwaka 672 KK mfalme Esarhaddon aliwaapisha watawala wadogo kwamba watampenda mrithi wake kama nafsi zao, na kwamba hata ndugu au mwana akinong'ona uasi watamfichua. Manase wa Yuda alikuwa kibaraka wa Esarhaddon. Kumbukumbu la Torati 13 linadai uaminifu uleule, karibu kwa mpangilio uleule, lakini kwa Yahwe: hata ndugu, mwana au mke akikushawishi ufuate miungu mingine, usimfiche. Yuda ilichukua kiapo cha mkoloni wake na kukielekeza kwa Mungu wake. Wapinzani hukumbusha kwamba Wahiti waliandika mikataba ya namna hiyo miaka mia kadhaa kabla, hivyo sura hiyo inaweza kuwa ya zamani zaidi. Inawezekana, lakini Yuda iliishi chini ya Ashuru, haikuishi chini ya Wahiti. Udhaifu halisi wa msimamo huu uko kwingine. Unaeleza kuabudu mmoja. Haujaeleza kukana wengine.

Msimamo wa tatu: moto wa uhamisho

Mwaka 586 KK Babeli iliteketeza Yerusalemu. Kwa mantiki ya Mesha, hesabu ilikuwa rahisi: Marduki, mungu wa Babeli, amemshinda Yahwe. Waliohamishwa walikuwa na njia mbili, kumwacha mungu aliyeshindwa au kusema kwamba hakushindwa, kwamba ni yeye aliyeitumia Babeli kama fimbo. Wakiichagua njia ya pili, Yahwe anakuwa mwenye amri juu ya Babeli, na Marduki hana kazi tena. Katika Isaya 40 hadi 55, sura zinazomtaja Koreshi wa Uajemi aliyeitwaa Babeli mwaka 539 KK, sanamu zinachekwa kwamba nusu ya gogo hupikia chakula na nusu huabudiwa, na Yahwe anatangaza mara kwa mara kwamba zaidi yake hakuna mungu.

Hapa ndipo ukanaji unasikika wazi, na wataalamu wengi wanaweka hapa mwanzo wa imani ya Mungu mmoja. Kuna onyo moja. Katika Isaya 47:8 mji wa Babeli nao unajisifu kwamba hakuna mwingine zaidi yake, na hakuna aliyedhani kwamba Babeli ilikana kuwepo kwa miji mingine. Ilijisifia cheo. Hata hivyo mji haumwambii mwenzake kwamba ni gogo la kuni, na Isaya anaiambia miungu hivyo.

Waliolipa gharama

Kila ushindi una upande ulioshindwa, na Biblia, kwa uaminifu unaostahili heshima, imeusikiliza. Katika Yeremia 44 wakimbizi wa Yuda walioko Misri wanamkabili nabii. Wanawake wanasema hawataacha kumfukizia uvumba Malkia wa Mbinguni: walipomtumikia mkate ulitosha na hawakuona mabaya, tangu walipoacha wamepungukiwa na kila kitu, upanga na njaa vinawamaliza. Wanaongeza kwamba waume zao walijua walipomwokea mikate yenye sura yake. Tukio lilelile ambalo Yeremia alilisoma kama adhabu ya kuabudu wengine, wao walilisoma kama adhabu ya kuwaacha. Kwa kuangalia maafa peke yake hakuna awezaye kuamua kati yao.

Miaka karibu mia mbili baadaye, kwenye kisiwa cha Elephantine katika Mto Nile, karibu na Aswan, askari Wayahudi waliokuwa wakiwatumikia Waajemi walikuwa na hekalu lao la Yahwe. Orodha yao ya michango, shekeli mbili kwa kila mtu, imehifadhiwa kwenye papiro. Mwishoni mhasibu anagawa fedha: shekeli 126 kwa Yahwe, 120 kwa Anati-Betheli, 70 kwa Eshemu-Betheli. Hekalu lao lilipobomolewa mwaka 410 KK waliandika kwa viongozi wa Yerusalemu kuomba msaada bila hofu yoyote kwamba wao ni wapotovu. Walijiona Wayahudi kamili. Ukanaji wa Isaya haukuwa umefika kila mahali, na ulifika kwa vitabu vya Torati kusomwa na kushikwa, si kwa siku moja ya ufunuo.

Leza, Vidye na wafasiri wao

Sasa turudi Katanga na yale mambo yetu matatu. Lubumbashi, tangu ilipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, iliwakusanya katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière watu wenye majina tofauti ya Mungu: Leza, Vidye Mukulu, Shakapanga, Nzambi, Maweja. Kiswahili cha kazini kikawapa neno moja, Mungu, na majina yote yakawa tafsiri yake. Mtu wa hapa hahitaji kwenda Ugarit ili aelewe jinsi El na Yahwe walivyokuwa mmoja. Tofauti ni kwamba kule iliwachukua karne nyingi na waliifanya wenyewe. Hapa ilichukua vizazi viwili au vitatu, na misheni, shule na kampuni zilishika usukani.

Lugha imehifadhi zaidi. Kwa Kiluba, Vidye ni Mungu, na bavidye ni pepo wakuu wanaowapanda bilumbu, waaguzi. Neno ni lilelile, kwa umoja na kwa wingi. Kiebrania kinafanya hivyo pia: Elohimu ni Mungu wa Israeli, ni miungu ya mataifa, na katika Samweli wa Kwanza 28 mwanamke wa Endori anamwita elohimu mzimu wa Samweli anayepanda kutoka ardhini. Katika lugha zote mbili neno hilo lilitaja ukoo mzima wa viumbe wasioonekana kabla halijabanwa kwa mmoja.

Kuhusu maana ya hayo, wasomi wetu wamegawanyika. Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alichapisha hapahapa Elisabethville mwaka 1945 kitabu chake cha falsafa ya Kibantu: Mungu ni chemchemi ya nguvu ya uhai, chini yake bankambo, kisha walio hai. John Mbiti wa Kenya alikusanya mwaka 1970 dhana za Mungu kutoka karibu makabila 300 na kuona Muumba mmoja nyuma ya majina yote. Mwaka huohuo Okot p'Bitek wa Uganda akampinga vikali. Alisimulia jinsi mapadri walivyowauliza wazee Waacholi ni nani aliyewaumba, wazee hawakuelewa, wakaulizwa ni nani aliyewafinyanga, wakamkumbuka Rubanga, yule anayewapinda watu migongo kuwa vibiongo. Jina la pepo wa kibiongo likawa jina la Mungu wa katekisimu.

Onyo la Okot ni la lazima, lakini halimfuti Leza. Jina hilo lilienea Katanga, Zambia na sehemu za Tanzania, nalo halikutungwa na katekista. Tempels na Mbiti wako sahihi kwamba wazee walimjua Mkuu kuliko wote. Wanapokosea ni kuruka kutoka kwa mkuu hadi kwa pekee. Kwa Baluba, Leza alikuwa mbali na bavidye walikuwa karibu. Shauri la ugonjwa, mavuno na ufalme lilipelekwa kwa bavidye. Waliokuja kuwakana ni wahubiri wa karne ya 20, nao wakawaita mashetani. Wafasiri wa Biblia ya Kigiriki walifanya hivyohivyo katika Zaburi, pale Kiebrania kilipoita miungu ya mataifa vitu visivyofaa, wao wakaandika pepo.

Kwenye mizani

Kwa maoni yangu msimamo wa pili na wa tatu ni hatua mbili za safari moja, na ule wa kwanza una haki katika jambo moja: Yahwe alikuwa na wivu tangu mapema, na bila wivu huo Yosia asingekuwa na moto wa kuchochea. Sababu ya Israeli kufika kwenye ukanaji, wakati Moabu haikufika, haiko katika akili wala utakatifu. Kemoshi naye alikuwa mkuu wa nchi yake. Ila Moabu ilipoangushwa, hakuna maandiko yaliyobaki ya kumwambia Mmoabu kwamba Kemoshi ndiye aliyemtuma adui ambaye amekwisha mmeza. Yuda ilikuwa na waandishi, na ilikuwa na manabii waliotabiri kushindwa kabla ya kushindwa.

Kwa hiyo anayesema bankambo walikuwa gizani anawapima kwa Isaya. Awapime kwa Yerusalemu ya kabla ya Yosia, ambako wanawake walimfumia Ashera vitambaa hekaluni, aone kama watazidiana sana. Na anayesema walikuwa waabudu wa Mungu mmoja anawavika joho la watu wengine, huku akiwanyima bavidye waliokuwa uhai wa dini yao.

Maumivu yangu yako kwenye ushahidi. Sauti ya wanawake wa Yeremia 44 tunayo, ijapokuwa imeandikwa na mpinzani wao. Sauti ya bilumbu imeandikwa zaidi na waliokuja kuwaondoa, kama William Burton wa misheni ya Mwanza, aliyefika kwa Baluba mwaka 1915 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya dini yao. Baluba walikuwa na chombo chao cha kumbukumbu, lukasa, ubao uliopachikwa shanga, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha kidole wakisimulia wafalme na bavidye. Mbao nyingi za lukasa sasa ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya kioo, na kila shanga iko mahali pake.